Uchambuzi wa kisa: friji ya chakula cha wanaanga na feni iliyoleta joto kuliko kuta zote

Kisa hiki kinahusu timu ndogo ya wahandisi iliyopewa kazi ya kusanifu friji ya chakula kwa ajili ya chombo cha anga chenye watu. Niliingia kama mkaguzi wa usanifu kutoka nje, nikafuatana nao kuanzia michoro ya awali hadi majaribio ya ndege. Majina, taasisi na tarehe za mradi nimeviondoa, na vipimo vyake nimevitaja kwa kukadiria ili asitambulike mtu. Hesabu za joto ni zilezile ambazo msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe.

Usuli

Kituo cha Kimataifa cha Anga kimekaliwa na watu mfululizo tangu Novemba 2000, na kwa miaka yote hiyo chakula chake kimekuwa hasa kile kinachokaa bila baridi: kilichokaushwa kikasubiri kurudishiwa maji, au kilichopikwa kwa joto kali ndani ya pakiti iliyofungwa. Mashine za baridi zipo, ila nyingi zilipelekwa kwa ajili ya sampuli za utafiti. Mfano ni MELFI, friza iliyopelekwa Julai 2006, ambayo hufika nyuzi 80 za Selsiasi chini ya sifuri kwa kubana na kutanua gesi ya nitrojeni. Friza ya chakula si jambo geni kabisa, kwa kuwa Skylab, kituo cha Marekani kilichorushwa Mei 1973, kilikuwa nayo. Baada ya hapo wazo hilo likawekwa kando, kwa sababu safari za karibu na Dunia huletewa mizigo mipya mara kwa mara na chakula cha pakiti kinatosha.

Kilicholirudisha mezani ni Mirihi. Kwenda na kurudi ni takriban miaka 3, na kwa kuwa sehemu ya chakula huenda ikatangulizwa kabla ya watu, lengo linalotajwa ni chakula kitakachodumu miaka 5. Vitamini C na B1 hupungua kadiri pakiti inavyokaa, na joto huharakisha upungufu huo. Baridi ni njia mojawapo ya kuuchelewesha. Lakini kila wati ya umeme angani hulipiwa mara mbili. Kwanza kwa paneli za sola za kuizalisha, kisha kwa rejeta za kuitupa nje ikishageuka joto, maana kwenye ombwe hakuna hewa ya kulichukua joto na njia pekee ni kulinururisha. Ndiyo maana ufanisi wa friji ya anga ni suala la uzito wa chombo kizima.

Kazi waliyopewa

Sanduku la lita zipatazo 57, sawa na droo moja ya kawaida ya mizigo katika vituo vya anga, lishikilie nyuzi 4 ndani wakati chumba kiko nyuzi 24. Litumie umeme wa volti 28. Liweze kupokea kilo 10 za chakula cha joto la chumba na kukipoza ndani ya siku moja. Likae karibu na watu wanapolia chakula, kwa hiyo lisiwe na kelele. Na kama itawezekana, lije kugeuzwa friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Sharti hilo la mwisho liliandikwa kwa maneno machache sana, lakini ndilo lililoelekeza uamuzi wa kwanza.

Uamuzi wa kwanza: kompresa au Peltier

Moduli za Peltier, yaani vibamba vinavyohamisha joto kutoka upande mmoja hadi mwingine umeme unapopita, zinavutia angani. Hazina gesi, hazina kitu kinachozunguka, hazijali juu wala chini. Udhaifu wake ni ufanisi: kwa tofauti ya joto ya kazi hii, wati 1 ya umeme kwa kawaida huondoa karibu nusu wati ya joto, na kwa friza hali huwa mbaya zaidi. Kompresa ndogo, pampu inayobana gesi ya friji, huondoa wati 2 hivi kwa kila wati 1 ya umeme. Timu ikachagua kompresa, na sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ni ile ya friza.

Gesi ya kupozea walichagua R-134a. Isobutani, inayotumika katika friji nyingi za majumbani, inawaka moto, na amonia ni sumu. Zote mbili hazina nafasi ndani ya chumba kilichofungwa ambacho watu hawawezi kukimbia. Kompresa wakataka isiyotumia oili. Katika friji ya kawaida oili husafiri na gesi na kurudi chini kwenye kompresa kwa msaada wa uzito wake. Angani hakuna chini, kwa hiyo oili inaweza kubaki popote bombani huku kompresa ikisagika. Walitiwa moyo na jaribio la mwaka 2021, ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue pamoja na kampuni za Air Squared na Whirlpool walirusha friji ya majaribio ya kompresa isiyo na oili katika ndege za kuiga hali ya kutokuwa na uzito.

Joto lililotolewa waliamua kulimwaga kwenye hewa ya chumba, wakaacha kuunganisha friji na bomba la maji ya kupozea la chombo. Hesabu ilikuwa upande wa maji. Kwa kumwaga joto hewani, kondensa, sehemu ya friji inayotoa joto nje, ingefanya kazi karibu nyuzi 37. Kwa maji ya nyuzi 17 ingeshuka hadi nyuzi 25 hivi. Huku evapureta, sehemu inayofyonza joto la ndani, ikiwa nyuzi 3 chini ya sifuri, kikomo cha kinadharia cha ufanisi ni wati 6.75 za joto kwa kila wati ya umeme kwa hewa na 9.6 kwa maji, yaani zaidi kwa asilimia 40. Waliliacha faida hilo kwa sababu bomba la maji huifunga friji mahali pamoja na kuongeza maungio yanayoweza kuvuja. Kwa sanduku dogo kiasi hiki naunga mkono uamuzi huo. Kwa friza ya chakula cha miaka 3 nisingeukubali.

Kuligeuza sanduku

Sampuli ya kwanza ikiwa imesimama wima ilifanya kazi vizuri. Ilipogeuzwa kichwa chini, shinikizo la upande wa kuvutia likaanza kupanda na kushuka, na sauti ya kompresa ikabadilika. Kimiminika kilikuwa kinajikusanya katika mabomba mapana ya evapureta, kisha kinaingia kwenye kompresa kwa mafungu. Kompresa imeumbwa kubana mvuke. Ikimeza kimiminika inaweza kuvunjika.

Kuna kipimo kinachosaidia kufikiri hapa: urefu ambao chini yake mvutano wa uso wa kimiminika hushinda uzito wake. Kwa maji ni takriban milimita 2.7. Kwa R-134a haufiki hata milimita 1. Bomba likiwa na upana wa kukaribia hapo, au gesi ikienda kwa kasi ya kutosha kukokota kimiminika, sanduku halitajali limelala au limesimama. Timu ikabadilisha mabomba yakawa membamba na kuongeza kasi. Gharama yake ni kwamba shinikizo hupotea njiani na kompresa hufanya kazi zaidi. Baada ya hapo wakalijaribu sanduku kwa pande zake zote sita, na mfumo wa gesi ukatoa matokeo yanayokaribiana pande zote. Hiyo ndiyo njia bora ninayoijua ya kuuamini mzunguko wa gesi kabla ya kuondoka ardhini: kisichobadilika uzito unapogeuzwa, hakina sababu kubwa ya kubadilika uzito unapotoweka.

Tatizo ni kwamba mantiki hiyohiyo waliipeleka kwenye hewa iliyo ndani ya sanduku, na huko haifai.

Feni

Muundo wa awali ulikuwa kama wa friji ya kawaida isiyogandisha barafu: evapureta nyuma, feni ndogo inayopuliza hewa baridi kwa chakula. Angani feni inaonekana ya lazima. Hewa ya moto haipandi, ya baridi haishuki, na kila kitu hubaki kilipo mpaka kisukumwe.

Kwenye kikao cha ukaguzi niliomba kitu kimoja tu, jedwali la kila chanzo cha joto kinachoingia ndani ya sanduku. Lilichukua ukurasa mmoja. Kuta zilikuwa za paneli za ombwe, ambazo hupitisha joto kwa kiwango cha karibu sehemu ya tano ya povu la kawaida. Kwa sanduku lile lenye kuta za sentimita 2.5, zilileta wati 4. Povu lingeleta karibu 18. Raba ya mlango, kingo za paneli, skrubu na nyaya vikaleta wati 5. Feni: wati 6.

Chumba kizima kilikaa kimya kidogo. Kila umeme unaoingia kwenye feni iliyo ndani ya sanduku huishia kuwa joto ndani ya sanduku hilohilo. Feni ilikuwa inaleta joto kuliko kuta zote sita. Jumla ni wati 15, ambazo kwa kompresa ile zilidai wati 7.5, na ukijumlisha wati 6 za feni yenyewe unapata 13.5. Ondoa feni: joto linabaki wati 9, umeme unashuka hadi 4.5. Theluthi moja.

Linganisha na kazi iliyokuwa imewachukua muda mrefu kuliko zote, ya kuinua ufanisi wa kompresa. Hata kama wangefanikiwa kuufikisha 3 kutoka 2, umeme ungeshuka hadi wati 11 tu. Juhudi yote ya kompresa ingeokoa wati 2.5, na swichi ya feni ingeokoa 9.

Timu ikaamua chakula kipozwe kwa kugusa. Mabamba ya alumini yenye mabomba ya gesi yakawekwa kwenye kuta mbili, na pakiti zikabanwa juu yake kwa mikanda ya kunyumbuka. Angani hilo ni rahisi, kwa kuwa hakuna rafu ya lazima na ukuta wowote unafaa.

Jaribio lililodanganya

Waliijaribu bila feni, sanduku likiwa limesimama. Pakiti zilizobanwa zilipoa vizuri. Hata zile za katikati, zisizogusa bamba, zilipoa kwa kasi ya kuridhisha. Walilirudia jaribio kwa pande nyingine, wakachukua wastani wa pande sita, wakaandika kwamba feni haihitajiki.

Mhandisi mmoja kijana aliyekuwa akisoma data usiku aliona kwamba upande mmoja haukufanana na mingine. Sanduku lilipolazwa ili bamba la baridi liwe chini kabisa na jingine limezimwa, pakiti ya katikati ilibaki na joto kwa saa nyingi, huku kihisi kilichobandikwa karibu na bamba kikisoma nyuzi 4. Mwanzoni ilidhaniwa kihisi cha pakiti kimelegea.

Hakikuwa kimelegea. Kwenye pande nyingine hewa ilikuwa ikizunguka yenyewe, ya baridi ikishuka na ya moto ikipanda, ikipoza pakiti ya katikati bila kulipwa. Bamba la baridi likiwa chini, hewa baridi hutulia palepale na ya moto hukaa juu yake. Hakuna mzunguko. Na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa kiwango kinachokaribiana na cha povu la kuhami. Upande ule mmoja mbaya ndio uliokaribia hali ya angani. Mitano iliyobaki ilikuwa ikipata msaada wa Dunia. Wastani wa pande sita uliuficha ukweli ndani ya mambo matano yasiyohusika.

Kuanzia hapo kila jaribio la hewa lilifanywa kwa bamba chini. Unene wa pakiti nao ukawa jambo la usanifu. Muda wa joto kutoka katikati ya chakula hufuata mraba wa unene: chakula chenye maji mengi, cha unene wa sentimita 10, kinachopozwa pande zote mbili, huhitaji saa zipatazo 5, cha sentimita 4, chini ya saa moja. Wakaweka kikomo cha sentimita 4, na feni ikarudishwa kwa masharti: iwake baada ya mlango kufunguliwa au pakiti mpya kuingizwa, izime tofauti ya joto kati ya kihisi cha katikati na cha bamba inapopungua. Kwa sehemu kubwa ya siku hukaa kimya.

Maji yasiyodondoka

Hili lingeweza kuua mradi, na ardhini halikuonekana hata kidogo. Hewa ya chumba ina unyevu. Mlango ukifunguliwa, unyevu huingia na kugeuka matone kwenye sehemu ya baridi. Ardhini matone hutiririka hadi kwenye trei. Angani hubaki kama utando unaokua, unajaza nafasi kati ya mabati membamba ya evapureta, na feni ikiwaka inaweza kung'oa donge la maji na kulirusha kwenye nyaya.

Kwenye michoro ya kwanza trei ilikuwepo, imechorwa kwa makini na tundu lake la kutolea maji. Nadhani ilinakiliwa tu kutoka friji za kawaida. Kuhamia mabamba bapa kulitatua nusu ya tatizo, kwani hakuna tena nafasi nyembamba za kuziba. Nusu ya pili ilitatuliwa kwa tambi za kitambaa kinachovuta maji, zilizopangwa kwenye kingo za mabamba, na mabamba yakashikiliwa juu kidogo ya sifuri ili maji yasigande kuwa barafu. Mwanaanga hutoa kitambaa, hukiacha kikauke hewani, na chombo hukusanya unyevu huo kwa mfumo wake wa kawaida.

Kuhusu mlango, angani hewa baridi haimwagiki miguuni mwa mtu kama ardhini, na timu ilihesabu hilo kama faida. Faida ni ndogo. Hewa ya chumba cha anga husukumwa na mafeni muda wote, maana bila hivyo kabonidioksidi huweza kujikusanya usoni mwa mtu aliyelala, na upepo huo hupita pia mbele ya mlango ulio wazi. Droo mbili ndogo zilisaidia kuliko mlango mmoja.

Majaribio ya ndege

Ndege hupanda na kushuka kwa upinde, ikitoa sekunde 20 hadi 25 za kutokuwa na uzito kila mara, kisha uzito hupanda hadi karibu mara 1.8 ya kawaida. Sekunde hizo hazitoshi kupima joto la chakula, na timu ilifanya vyema kutojaribu. Walipima shinikizo, mtetemo wa kompresa na mwendo wa kimiminika kupitia kipande cha bomba la kioo.

Mfumo ukiwa unaendelea kufanya kazi haukutikisika. Wasiwasi ulikuwa kuwasha. Friji ikizimwa angani, kimiminika kinaweza kujisambaza popote, hata mlangoni mwa kompresa. Walikuwa wameweka valvu inayofunga njia ya kimiminika kabla ya kuzima, ili kompresa ivute upande wa baridi mpaka ubaki mtupu. Mafundi wa friji kubwa wanalijua zoezi hili tangu zamani. Lilifanya kazi kila mara valvu ilipopata muda wa kumaliza. Umeme ulipokatwa ghafla kwa makusudi, kuwasha tena kulileta mtikisiko wa kimiminika ulioonekana wazi kwenye kipimo cha mtetemo.

Matokeo

Friji ilipita kwenda hatua inayofuata ikiwa ya nyuzi 4 pekee. Sharti la friza liliondolewa na aliyeagiza. Matumizi ya umeme ya siku isiyo na chakula kipya yalikaribia theluthi ya makadirio ya awali, na siku ya kuingiza kilo 10 huongezeka joto la wastani wa wati 8 hivi kwa saa 24, kiasi ambacho mfumo ulikimudu. Kompresa ilianza kwa mwendo wa polepole, jambo lililopunguza kelele pia.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni jedwali la joto, na ninasikitika lilikuja baada ya kompresa kuchaguliwa. Lingetangulia, mjadala wa Peltier ungekuwa tofauti. Kwa wati 9 za joto, Peltier ingetumia wati 18 na kompresa 4.5. Tofauti ya wati 13.5 ni kubwa, lakini upande wa pili kuna mashine isiyo na gesi, isiyo na kimiminika cha kumezwa, isiyo na sauti. Kwa chombo chenye umeme wa kutosha na watu wasio na fundi wa karibu, mtu makini anaweza kuchagua wati hizo. Sababu iliyoiondoa Peltier ilikuwa friza, na friza ilipofutwa hakuna aliyerudi kuufungua uamuzi ule. Bado naamini kompresa ingeshinda, hasa kwa kuwa ujuzi wake utahitajika kwenye friza kubwa za safari ndefu. Ila ulistahili kujadiliwa upya.

Kugeuza sanduku pande sita ni jaribio zuri kwa gesi iliyo bombani. Kwa hewa na kwa maji, swali ni upande gani unainyima friji msaada wa uzito, na huo ndio wa kusomwa peke yake.

Linalobaki ni kukatika kwa umeme. Valvu inayojifunga yenyewe umeme ukikosekana huzuia kimiminika kipya kuingia upande wa baridi, lakini haiondoi kilichokwisha kuwamo. Pendekezo langu la maandishi lilikuwa chombo kidogo chenye utambi wa chuma mbele ya kompresa, cha kushika kimiminika na kukiachia kama mvuke, kikijaribiwa kwa kukata umeme katikati ya upinde wa ndege, tena na tena, kabla ya mtu yeyote kuanza kuchora friza.